Niliugua dengi 2017: kinga niliyobaki nayo inanilinda au inanihatarisha?

Swali: Asalaam aleikum, daktari. Mimi ni mkazi wa Mtopanga, Kisauni. Mwaka wa 2017 niliugua homa ya dengi. Nililala wiki nzima, viungo vikiniuma na macho yakiuma kwa ndani, kisha nikapona. Sasa mtaani watu wameanza kuugua tena. Mamangu ananiambia nisiwe na hofu, dengi ni kama surua, ukishaugua umemaliza. Lakini muuguzi mmoja wa zahanati aliniambia dengi ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu virusi huingia ndani ya chembe za kinga zenyewe. Nilidhani hilo ni jambo la Ukimwi peke yake. Itakuwaje kinga niliyoipata kwa kuugua igeuke kunidhuru? Na nina mtoto wa miezi 5 ninayemnyonyesha: naye yumo hatarini?

Jibu: Waaleikum salaam, dadangu. Muuguzi wako amesema kweli, na mamako hajakosea kabisa. Virusi vya dengi viko vya aina 4. Ukiugua aina moja, mwili hujenga kinga dhidi ya aina hiyo, na kinga hiyo hudumu miaka mingi, pengine maisha yako yote. Kwa upande huo mamako yuko sawa. Dhidi ya zile aina 3 nyingine, kinga hiyo hukusaidia kwa muda tu, miezi kadhaa hadi miaka kama 2, halafu hufifia. Ikififia haitoweki. Hubaki kiasi ambacho hakitoshi kukizuia kirusi, lakini kinatosha kukishika. Balaa la dengi ya pili limo humo, katika kushika bila kuzuia, na hilo ndilo nitakaloeleza kwa urefu. Kwanza nikupunguzie hofu: wengi wanaougua mara ya pili hupona bila matata. Hatari inapanda, ila inapanda kutoka kiwango cha chini. Sikuandikii ukose usingizi, nakuandikia ujue siku gani ya ugonjwa isichukuliwe kwa mzaha.

Kwa mtu wa Mombasa hili si swali la vitabuni. Mlipuko wa kwanza wa dengi uliothibitishwa Kenya ulitokea hukuhuku Pwani, Malindi na Kilifi, mwaka 1982, na ulikuwa wa aina ya 2. Mombasa ikapata mlipuko mkubwa 2013 hadi 2014, ikapata mwingine 2017, na mwingine tena 2021. Mnamo Mei 2013 watafiti walipita nyumba kwa nyumba eneo la Tudor, wakapima damu za watu 1,500, na karibu watu 13 katika kila 100 walikutwa na alama za maambukizi ya dengi, ya wakati huo au ya zamani. Kati ya 2011 na 2014 aina tatu, ya 1, ya 2 na ya 3, zote zilipatikana nchini. Kwa hiyo mtu aliyeishi kisiwani au Kisauni miaka hii yote ana kila sababu ya kuwa na kingamwili, yaani protini za kinga zilizo kwenye damu, za aina moja na kukutana na aina nyingine. Tena kumbuka kwamba watu wengi zaidi huambukizwa dengi bila kuugua hata kidogo. Homa yako ya 2017, uliyoihesabu kuwa ya kwanza, huenda ilikuwa ya pili.

Sasa tukitazame kirusi chenyewe. Upana wake ni nanomita 50 hivi, maana yake virusi 20,000 vikipangwa mstari mmoja vinajaza milimita moja. Ndani yake mna uzi mmoja wa RNA wenye maelekezo ya kutengeneza protini 10 tu. Hakiwezi kula, wala kusogea, wala kuzaana chenyewe. Kila kinachokihitaji kimo ndani ya seli ya mtu, na utando wa seli hauna tundu la kukipitisha. Basi uhai wake wote unategemea protini iliyo juu yake, ile inayoitwa E. Kila kirusi kina E 180, zimelala bapa mbilimbili, jozi 90, zikakifunika chote. Ndiyo maana kwenye hadubini ya elektroni kirusi cha dengi kilichokomaa huonekana laini, bila ile miiba tuliyoizoea kwenye picha za korona.

Mbu wa dengi huuma mchana, na hupenda miguu. Akikuuma, anaacha virusi ngozini. Humo ngozini mnakaa seli za kinga ziitwazo seli za dendritiki, ambazo kazi yake ni kunasa chochote kigeni na kukipeleka kwenye tezi za limfu ili seli nyingine za kinga zikitambue. Ili kunasa, zina vipokezi juu ya utando wake, na kimojawapo, DC-SIGN, hutambua sukari za aina ya manosi ambazo vimelea vingi hubeba. Protini E ya dengi imebeba sukari hizohizo. Seli inakishika kirusi kwa nia ya kukiangamiza, inakimeza, na kukifungia ndani ya kifuko kidogo cha utando, kisha inaongeza asidi mle ndani. Kwa bakteria wengi huo ndio mwisho wao. Kwa dengi asidi ndiyo ishara iliyokuwa ikingojwa. Zile jozi za E zinaachana, zinasimama wima, zinajipanga tatutatu, na ncha ya kila moja, kipande kidogo chenye kupenda mafuta, inajichomeka kwenye utando wa kifuko. Halafu protini zinajikunja na kuuvuta utando wa kirusi uungane na utando wa kifuko. Tundu linafunguka, RNA inapita, na seli iliyokuwa ikimtumikia mgonjwa inaanza kutengeneza virusi vipya, huku bado inasafiri kuelekea kwenye tezi. Nimesoma na kufundisha jambo hili mara nyingi na bado linanishangaza: kirusi hakikwepi silaha ya seli, kinaitumia silaha yenyewe kufungulia mlango.

Ulisema ulidhani ni Ukimwi peke yake. HIV ndiyo maarufu zaidi, na mgonjwa yeyote aliyewahi kuambiwa akapime CD4 amelisikia jina la kipokezi chake. CD4 ni protini iliyo juu ya chembe nyeupe zinazoongoza jeshi zima la kinga. Mwaka 1984 watafiti wa London na wa Paris, kila kundi kivyake, walionyesha kwamba HIV huingia kwa kuishika hiyo, kwa kutumia protini yake ya nje iitwayo gp120. Ilichukua hadi 1996 kujua kwamba CD4 haitoshi: baada ya kuishika, gp120 hubadili umbo na kutafuta kipokezi cha pili, CCR5 au CXCR4, na hapo ndipo protini mwenzake, gp41, inapochoma utando wa seli. Wazungu wachache waliozaliwa bila CCR5 inayofanya kazi ni vigumu sana kuambukizwa aina za HIV zinazotegemea kipokezi hicho. Na hili wasomaji wa Kenya wangependa kulijua: umbo la protini hiyo lilipochorwa kwa undani mwaka 2013, protini iliyotumika ilitokana na virusi vya mtoto mchanga wa Nairobi, na hadi leo maabara za chanjo katika nchi nyingi zinaifanyia kazi.

Surua nayo, ile aliyoitolea mfano mamako, huingia kwenye chembe za kinga kwa protini yake ya H, inayoshika kipokezi kiitwacho SLAM. Wajapani ndio waliogundua hilo mwaka 2000. SLAM iko kwa wingi juu ya seli zinazotunza kumbukumbu ya magonjwa ya zamani, ndiyo maana mtoto aliyetoka kwenye surua anaweza kuandamwa na vichomi na kuhara kwa muda mrefu baadaye: surua imefuta sehemu ya kumbukumbu hiyo. Lakini surua ni ya aina moja tu duniani. Aliyeugua au kuchanjwa ana kingamwili zinazolingana sawasawa na surua yoyote atakayokutana nayo. Hapo ndipo mfano wa mamako unapoachana na dengi.

Tuje sasa kwenye kingamwili. Kila moja ina mikono miwili na mkia. Mikono inashika kirusi. Mkia unabaki nje, na kazi yake ni kuziita seli zinazomeza, yaani monosaiti zilizo kwenye damu na makrofaji zilizo kwenye wengu, ini na tezi. Seli hizo zina vipokezi maalumu vya kuushika mkia huo, viitwavyo vipokezi vya Fc. Kwa maradhi mengi mpango huu ni mzuri ajabu, kwani kingamwili hukilemaza kimelea, seli inayomeza ikakimaliza.

Ila kingamwili za dengi haziko sawa. Zilizo bora hushika mahali panapotofautiana aina kwa aina, hasa pale E moja inapoungana na mwenzake. Zikishapakamata, jozi haziwezi kuachana hata asidi ikiwa kali kiasi gani, na kirusi kinafia ndani ya kifuko. Hizo ndizo zinazokulinda na aina uliyougua. Zipo na nyingine, nyingi mno, zinazolenga ile ncha ya E inayochoma utando, kwa kuwa ncha hiyo ni karibu ileile kwa aina zote 4. Na zipo zinazolenga kiprotini kiitwacho prM, ambacho huifunika E wakati kirusi kinatengenezwa na hupaswa kukatwa kabla hakijatoka kwenye seli. Mara nyingi ukataji haukamiliki, virusi vinatoka vikiwa na mabaki ya prM. Kingamwili za makundi haya mawili hukishika kirusi cha aina yoyote, lakini ni chache zinazopata pa kushika kwa wakati mmoja, kwa sababu kwenye kirusi kilichokomaa ncha ile hujificha. Kirusi kinabaki hai, na mikia imening'inia nje.

Makrofaji inapoiona mikia hiyo inafanya ilichoumbwa kufanya: inaishika na kuvuta ndani. Kontena lililopigwa lakiri ya forodha pale Kilindini hupita getini bila kufunguliwa, na kirusi kilichobeba kingamwili hupita hivyohivyo. Bila kingamwili, protini E peke yake hushika monosaiti kwa shida. Ikisaidiwa na mikia, seli nyingi zaidi huambukizwa, na kila seli hukipeleka kirusi moja kwa moja kwenye kile kifuko chenye asidi ambako kinataka kwenda. Majaribio ya maabara yameonyesha jambo la kuhuzunisha zaidi. Kirusi kikiingia kwa njia hii, seli hutoa ishara chache za hatari, zile za intafaroni zinazoamsha majirani, na hutoa zaidi zile za kutuliza. Kwa hiyo seli zilizoambukizwa ni nyingi zaidi, na kila moja inapiga kelele kidogo zaidi.

Kiasi ndicho kinachoamua. Kingamwili zikiwa nyingi, hukifunika kirusi chote na hata zile dhaifu hukizuia. Zikiwa hakuna, hakuna mikia ya kushikwa. Hatari iko katikati. Huko Managua, Nikaragua, watafiti wamewafuatilia watoto tangu 2004, wakiwapima damu mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2017 walitoa matokeo ya zaidi ya watoto 6,000: wale waliokuwa na kingamwili za kiwango fulani cha kati walikuwa na hatari ya dengi kali zaidi ya mara 7 kuliko wasiokuwa nazo kabisa, ilhali waliokuwa na kiwango cha juu walilindwa.

Wazo lenyewe lilianzia Bangkok miaka ya 1960. Daktari wa Marekani, Scott Halstead, aliona kwamba watoto waliokuwa wakifika hospitali na dengi ya kuvuja damu walikuwa wa makundi mawili: waliowahi kuugua dengi zamani, na watoto wachanga wasiozidi mwaka mmoja ambao hawakuwahi kuugua lakini mama zao waliwahi. Makundi hayo hayafanani kwa lolote isipokuwa moja, wote walikuwa na kingamwili za dengi kabla ya kuugua. Mwaka 1977 yeye na mwenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kingamwili zikivisaidia virusi kuingia ndani ya chembe nyeupe. Wengi hawakumwamini. Kinga inayosaidia ugonjwa lilikuwa jambo gumu kumeza, na kwa kweli majaribio ya kwenye chupa hayatoshi kuthibitisha kinachotokea kwa watu.

Cuba ndiyo iliyonishawishi mimi. Ni kisiwa, wanatunza rekodi zao vizuri, na dengi iliwapiga kwa zamu. Mwaka 1977 iliingia aina ya 1, watu wengi wakaugua homa ya kawaida, wakapona. Mwaka 1981 ikaja aina ya 2. Safari hii waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 344,000, na watu 158 wakafa, wengi wao watoto. Watoto wa mwaka 1 au 2, waliozaliwa baada ya aina ya 1 kupita, kwa sehemu kubwa walinusurika na ugonjwa mkali. Kisha Cuba ikamaliza mbu kwa juhudi kubwa na ikakaa miaka mingi bila dengi, hadi 1997 aina ya 2 iliporudi mjini Santiago. Waliougua vibaya safari hii walikuwa watu wazima, na karibu wote walikuwa wamepata aina ya 1 miaka 20 nyuma. Watoto na vijana waliozaliwa baada ya 1981 hawakuwa wamewahi kuiona dengi, na walipoambukizwa hawakufikia hali hiyo mbaya. Kirusi ni kilekile, mji ni mmoja, mbu ni walewale. Kilichotofautisha wagonjwa ni kingamwili walizokuwa nazo. Pia ilionekana kwamba pengo la miaka 20 lilikuwa na madhara kuliko pengo la miaka 4, jambo linalolingana na kingamwili kufifia polepole. Nalitaja hilo kwa sababu wewe umeniuliza juu ya homa ya 2017, na kupita kwa miaka pekee hakukuondoi kwenye hesabu.

Madaktari wa Cuba waliandika vilevile kwamba Wacuba wenye asili ya Kiafrika waliugua vibaya kwa uchache kuliko Wazungu. Huenda hiyo ni sehemu ya sababu ya vifo vichache tunavyovisikia Afrika Mashariki. Sehemu nyingine ninayoiamini zaidi ni kwamba homa kwetu huitwa malaria kabla damu haijapimwa.

Seli nyingi zikiambukizwa, virusi huwa vingi, na pamoja navyo protini nyingine ya dengi inayomwagwa kwenye damu, NS1, na kemikali za uchochezi. Vyote hivi hulegeza kuta za mishipa midogo. Maji ya damu yanavuja kuingia tumboni na kifuani, damu iliyobaki inakuwa nzito, presha inashuka. Kinachoua kwenye dengi mara nyingi ni kuvuja huku kwa maji, zaidi ya kutoka damu. Nalisisitiza kwa kuwa nasikia majirani wakihangaikia pleteleti tu, zile chembe zinazogandisha damu, wakitafuta majani ya mpapai ili zipande. Pleteleti hushuka kwenye dengi na hupanda zenyewe mgonjwa akipona. Mgonjwa anayevuja anahitaji maji ya mshipa kwa kipimo, yakiangaliwa saa kwa saa, na hospitali inayojua kufanya hivyo hushusha vifo vya dengi kali hadi chini ya mmoja katika kila 100.

Na kuvuja huko huja wakati unaopotosha. Homa hupanda siku 3 hadi 7, kisha inashuka. Familia inashukuru Mungu, mgonjwa anaombwa aoge na ale. Siku hiyo homa inaposhuka, na mbili zinazofuata, ndizo za kuangaliwa kuliko zote. Akianza kuumwa tumbo kwa nguvu, akatapika bila kukoma, akatoka damu kwenye fizi au puani, akawa mlegevu kupita kiasi au akahangaika bila kutulia, mikono na miguu ikawa baridi, au akakaa saa nyingi bila kukojoa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na hata kama paji la uso halina joto tena.

Ukipata homa, mwambie daktari kwa kinywa chako kwamba ulipata dengi 2017. Kipimo cha NS1 huonyesha dengi siku za mwanzo, takriban 5. Kingamwili za IgM, zile ambazo mwili hutengeneza mwanzo, huchelewa kidogo. IgG, zile za kudumu, zikionekana nyingi tangu siku za mwanzo, ni dalili kwamba haya ni maambukizi ya pili, na daktari atakuangalia kwa karibu zaidi. Malaria ipimwe pia, kwa sababu kuwa na moja hakuzuii kuwa na nyingine. Kwa maumivu tumia parasetamoli peke yake. Najua jinsi dengi inavyouma, na najua ni rahisi kiasi gani kupata sindano ya diklofenaki kwenye duka la dawa. Ikatae. Diklofenaki, aibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Kunywa kwa wingi: maji ya ORS, uji mwepesi, madafu.

Mtoto wako sasa. Kingamwili za IgG alizipata kutoka kwako akiwa tumboni, kupitia kondo la nyuma. Miezi ya mwanzo zinakuwa nyingi na humlinda. Kisha hupungua, na kuna kipindi, hasa kati ya miezi 6 na 9, zinapofika kile kiwango cha katikati nilichokieleza. Hapo hata dengi yake ya kwanza inaweza kuwa kali, na hawa ndio wale watoto wachanga waliomshangaza Halstead kule Bangkok. Kabla ya kutimiza mwaka kwa kawaida zinakuwa zimekwisha. Mwanao anakaribia kuingia kipindi hicho, kwa hiyo miezi hii minne ijayo iwe ya uangalifu. Alale ndani ya neti hata mchana, kwa sababu mbu huyu hangoji giza. Akipata homa, apelekwe akaonwe siku hiyohiyo. Usimwachishe kunyonya hata kidogo: kingamwili ninazozizungumzia hazikutoka kwenye maziwa, na maziwa yako yanamkinga na kuhara na vichomi ambavyo ni hatari ya kila siku kwa mtoto wa umri wake.

Utaniuliza kuhusu chanjo. Hapa kanuni ya kushika bila kuzuia ilitoka maabara ikaingia kwenye maisha ya watoto. Mwaka 2016 Ufilipino ilianza kuwachanja wanafunzi kwa Dengvaxia, chanjo ya kwanza ya dengi kuidhinishwa, na zaidi ya watoto 800,000 wakachanjwa. Mwishoni mwa Novemba 2017 mtengenezaji akatangaza kwamba kwa mtoto ambaye hajawahi kuambukizwa dengi, chanjo hiyo inaweza kuongeza hatari ya ugonjwa mkali akija kuambukizwa. Kwa asiyewahi kuugua, chanjo ilifanya kazi ya dengi ya kwanza. Aliyekwisha kuugua ilimfaa. Serikali ikasimamisha mpango, na hofu ikasambaa hadi wazazi wakakwepa chanjo nyingine, ikiwemo ya surua. Ni jambo linalonisikitisha mpaka leo, kwa sababu onyo lilikuwepo kwenye kazi ya Halstead miaka 40 kabla. Chanjo mpya zaidi, Qdenga, ilipita ukaguzi wa Shirika la Afya Duniani Mei 2024. Shirika hilo linaipendekeza kwa watoto wa miaka 6 hadi 16 katika sehemu zenye dengi nyingi, dozi 2 zikipishana miezi 3. Kwa mwanao bado ni mapema mno.

Basi kilicho mikononi mwako leo ni mbu. Aedes aegypti hutaga mahali penye maji safi yaliyotulia, na Mombasa, ambako maji ya mfereji hukatika siku nyingi, kila nyumba ina mapipa na mitungi ya akiba. Siwezi kukuambia usiweke maji. Yafunike kwa kifuniko kinachobana au kitambaa kilichofungwa kwa kamba, angalia sahani za chini ya maua, matairi yaliyotupwa uani na tangi la juu ya paa. Na kila wiki unapomaliza maji ya pipa, sugua kuta zake kwa brashi kabla ya kujaza tena, kwa sababu mayai hubandikwa ukutani juu kidogo ya maji, hukauka bila kufa, na huweza kukaa miezi mingi hivyo mpaka maji yatakapoyafikia.